Pigo la Nne

Kila jiko lilikuwa na Sikio la serikali ukutani, na mdundo wowote usio na kibali uliiwasha taa yake nyekundu. Tegemea alishazoea, hata vitunguu alivikata ovyoovyo, asije akaonekana anapiga ngoma.

Ujanani alipiga gitaa la besi katika stoo ya matairi kule mtaa wa Gerezani, na bendi iliyochukia kupendeza. Desturi yao ilikuwa kuliacha pigo la nne wazi, watazamaji walijaze kwa kukanyaga sakafu. Wimbo wao wa mwisho waliupiga mara moja tu. Polisi waliingia katikati yake, wakawazoa wote, bendi na watazamaji, isipokuwa yule aliyewauza, ambaye hawakumjua kamwe.

Leo mumewe Chediel, aliyeapa kwamba Gerezani hajawahi kufika, alikuwa anaosha sufuria. Vidole vyake vikaugonga wimbo uleule: mapigo matatu, kisha kimya.

"Umeusikia wapi huo, baba Neema?"

"Upi tena, mama Neema? Nasugua masizi tu."

Akagonga tena, akasita penye lile pengo, macho yake kwenye mguu wa mkewe.

Tegemea akaubana mguu chini ya kigoda, akainua macho ukutani. Taa, iliyowahi kuwaka mtoto alipogonga kijiko tu, haikuwaka.