Kamba ya Kupimia Mguu

“Bado vidole viwili, Mama,” Tefiro alisema, akaikunjua kamba ya mgomba kutoka kwenye shavu la mguu wake.

Mama yake, Yunia, aliacha kuukanda mguu, mikono imejaa samli. “Viwili? Mwezi jana si ulisema kimoja?”

“Mguu nayo iko na kiangazi yake. Siku moja itanyesha.”

Alicheka peke yake, akaitundika kamba kwenye msumari wa mlango.

Kamba hiyo ilitoka kwa Ezironi, mganga wa mifupa wa Kitswamba. Mwezi wa tatu, katika mbio za Kasese, Tefiro alikuwa mbele ya watu wote mshipa wa kisigino ulipomkatikia, na mguu ukakonda kama mwiko. Ezironi aliuzungushia kamba mguu ule mwingine, usio na jeraha, akafunga fundo mahali ncha ilipofika.

“Pima ule mgonjwa kila asubuhi,” alisema. “Siku ncha itakapogusa fundo, kimbia mpaka Kampala ukitaka. Kabla ya hapo ukikimbia, mimi msiniite. Kupalilia, palilia umekaa. Samaki vua, maji ya mto ni dawa. Porini tega mitego, lakini usikimbize mnyama na mbwa.”

Kiangazi chote kikaenda hivyo. Asubuhi Tefiro alijiburuta kwa makalio kati ya matuta ya vitunguu bondeni, mama yake akimtania kwamba amerudi kutambaa. Mchana alikagua mitego ya ndezi, mbwa akimfuata kwa huzuni, maana hakuna aliyemwambia “kamata!” Jioni alisimama kwenye Mto Lhubiriha, maji yakimfika magotini, na ndoana zake. Akipanda kilima alikuja na debe la maji begani; akifika uani, akachechemea.

Kufunga ndoana alifundishwa na Xavier, Mkongomani aliyeuza samaki wa chumvi pale Mpondwe. Mizunguko mitatu, kisha unalikaza fundo kwa meno. Yunia alijaribu mara moja, uzi wote ukamfumuka mkononi.

“Mama, wewe fundo yako ni ya kuni tu,” Tefiro alimwambia.

“Na kuni hizo ndizo zilizokupikia mpaka ukaota ndevu.”

Walicheka. Kwenye benchi waliyokalia palikuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Semu, kaka yake Tefiro, alishinda mbio za Bwera mwaka wa sabini na moja. Afande wa michezo alimpa viatu vipya, akampandisha lori kwenda kuwa mkimbiaji wa jeshi. Huu ulikuwa mwaka wa sabini na tatu. Haikurudi barua, haikurudi nguo. Yunia alikwenda mpaka lango la kambi, akaambiwa jina hilo halipo, na halijapata kuwapo.

Lakini Tefiro alizaliwa na mbio miguuni. Akiwa mdogo, akitumwa chumvi, alirudi kabla maji hayajachemka. Hata sasa, akilala, vidole vya miguu vilicheza chini ya blanketi, na mama yake aliviona.

Jumamosi lori lilikuja tena. Vijana walipangwa kiwanjani, vifua wazi. Afande alipita akiwahesabu kwa fimbo, akasimama mbele ya Tefiro aliyekuwa pembeni na mama yake.

“Wewe! Nasikia ndiyo mwenye mbio hapa. Ingia mustari!”

“Mguu bado, afande. Tunapima kila siku. Inabaki vidole viwili.”

“Vidole?” Afande akacheka, na askari wake wakacheka. “Lori inalala hapa. Kesho asubuhi kama iko mzima, kuja. Ukishinda hata hawa wote, nakupeleka mpaka Ulaya.”

Filimbi ikalia. Vijana wakaruka, vumbi likapanda. Yunia hakutazama mbio, alimtazama mwanawe. Tefiro alikuwa amesimama wima, lakini vidole vyake vya miguu vilikuwa vimeuma udongo. Wa kwanza alipokata utepe, Tefiro alipiga makofi kuliko watu wote. Machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye shati.

“Ni vumbi, Mama,” alisema.

“Ndiyo, baba. Ni vumbi.”

Yunia akamwacha hapo, akashika njia ya nyumbani. Alitembea kama anayefukuzwa. Alikuwa na dhambi aliyoibeba tangu mwezi wa sita. Siku ile Tefiro alikuwa mtoni, na mguu ulikuwa umebakisha unene wa ukucha tu kupona. Yeye, mama mzazi, aliishusha kamba msumarini, akalifungua fundo la Ezironi, akalifunga upya kidole kimoja mbele, mbali zaidi na ncha, ili mguu uonekane bado haujapona. Tangu hapo hakuthubutu kuigusa. Mwana alipima, mama akakanda, na Mungu akanyamaza.

Leo basi. Atalirudisha fundo mahali pake. Kesho mtoto apime, aone, aende zake. Kama ni kulia, atalia tena. Amekwisha kujua namna yake.

Aliishusha kamba, akaketi kwenye kizingiti penye mwanga, akaipapasa taratibu kuanzia kwenye ncha, akitafuta fundo lake la kuni.

Halikuwapo. Kidole kizima mbele ya pale alipoliacha, lilikaa fundo jingine, dogo, gumu, la mizunguko mitatu, lenye alama za meno.