Zamu ya Mselem kwenye Seva

Tangu waume wenye wake wawili waruhusiwe kubaki kazini ng'ambo na kutuma nyumbani nakala za nafsi zao ndani ya flashi, Mselem alikuwa akiletwa kwa Mwanapili kila Alhamisi, kafungwa kwenye leso ya mke mkubwa, Bi Khole. Mwanapili humchomeka kwenye seva ya sebuleni na kuandika amri aliyofundishwa na Bi Khole mwenyewe: mount -o ro /dev/sdb1 /mnt/mume.

"Mapazia mapya haya? Yamependeza!" Mselem alisema kwenye spika.

Kila Alhamisi mapya! Mapazia yana mwaka. Mwanapili alimchomoa, akasoma maelezo ya ile amri, na kukuta kwamba "ro" maana yake flashi isomwe tu, isiandikwe kitu. Mwaka mzima mume hajaondoka kwake na kumbukumbu ya hata neno moja. Akampigia simu mke mwenzie.

"Dada Khole, ulifanya makusudi!"

"Makusudi, mwenzangu. Nilitaka akumbuke ya kwangu tu, awe wangu peke yangu." Bi Khole alicheka, kicheko kikakatika. "Nikampata. Sasa anajua ninavyokoroma, na tangu Ramadhani hajatazama nimevaa nini. Kwako kila wiki fungate! Futa hizo herufi mbili, tuone nani atamwonea mwenzie wivu."

Mwanapili alizifuta. Kisha akamfikiria Mselem akiingia na asiulize lolote, kidole kikaganda juu ya kitufe. Akazirudisha, akabonyeza.

"Mapazia mapya haya?"

"Mapya kabisa, mume wangu," alisema, akijifuta macho kwa pindo la pazia.