Jirani Asiyekula Kitunguu Saumu

Chizuru Otsubo alibisha kwa kiwiko. Mikono yake yote miwili ilishika sahani ya gyoza, visambusa vya Kijapani, alizozishindilia kitunguu saumu, hadi paka aliyezoea kulala ngazini akahama.

Mlango ulifunguka upana wa kiganja. Bwana Kuramochi, jirani yake, alichungulia. Uso mweupe kama karatasi, macho mekundu, ncha za vidole nyeusi kama za maiti. Ilikuwa saa nane mchana, na mapazia yake yote yalikuwa yamefungwa.

"Nimekuletea chakula, jirani," Chizuru alisema huku akitetemeka.

Kuramochi aliziba pua. "Samahani sana. Kitunguu saumu... siwezi." Akafunga mlango.

Chizuru alirudi chumbani mbio, akampigia simu mhariri wake, Bwana Onuki.

"Amekataa kitunguu saumu! Si nilikwambia ni mnyonya damu? Mchana haonekani, juisi ya nyanya anakunywa katoni kwa katoni, na sasa hili!"

"Taratibu, Mwalimu," alisema Onuki. Ndivyo wahariri wa Tokyo wanavyowaita wachoraji wa katuni, hata wale wanaokaribia kufukuzwa. "Wewe ulivaa nini? Ulitetemeka mikono au miguu?"

"Vyote!"

"Safi sana."

Chizuru alikuwa akichora katuni za vichekesho kuhusu mnyonya damu mwoga aliyepanga chumba mtaani Nerima. Juzuu ya kwanza ilidoda. Ya pili isipochekesha, hadithi ingekatwa, naye angerudi kwao Niigata kumsaidia mama yake kuoka biskuti za mchele, huku shangazi zake wakimuuliza ataolewa lini. Kwa hiyo jirani yule alikuwa riziki iliyojileta mlangoni. Kila alichomwona akifanya, alikichora.

"Kesho ni siku ya kufukuza mashetani kwa maharage," Onuki alimkumbusha. "Mrushie na yeye, tuone kama atakimbia. Halafu unisimulie yote, usiache hata chafya."

Asubuhi Chizuru alijibanza nyuma ya mashine ya kufulia iliyokuwa ukumbini. Kuramochi alipotoka kutupa taka, Chizuru aliruka mbele yake.

"Mashetani, tokeni!"

Akammwagia kopo zima la maharage makavu. Maskini yule aliteleza, miguu juu, akaanguka chali. Chizuru akasubiri ageuke popo, kama wanyonya damu wa sinema.

Hakugeuka. Alijikokota akapiga magoti, akaanza kuyaokota maharage moja moja.

"Samahani, jirani," alisema kwa upole. "Nimekukanyagia maharage yako."

Chizuru aliona haya hadi masikio yakamuwaka. Alipomsimulia Onuki, mhariri alicheka mpaka akapaliwa.

"Rudia hapo pa popo! Polepole, naandika."

"Hakuna cha kuchekesha hapo," Chizuru alisema, akakata simu bila kuaga.

Siku mbili hakushika kalamu. Kila alipotaka kumchora yule mnyonya damu, alimwona mtu aliyepiga magoti akiomba radhi kwa kosa la mwenzake. Mwishowe alinunua mfuko wa machenza, akachana nywele, akaenda kubisha kwa mkono.

Kuramochi alifungua. Chizuru aliinama hadi kichwa kikakaribia magoti.

"Nisamehe, jirani. Miezi yote hii nimekuwa nikikuchungulia, nikikuchora, nikikufanya kichekesho. Ukitaka, kila ukurasa nitauchana sasa hivi. Hata kama kazi yangu itaishia hapo."

Kwa mara ya kwanza uso wa Kuramochi uliingia rangi. Ulikuwa mwekundu kama nyanya. Naye akainama, chini zaidi kuliko yeye.

"Usiniombe radhi, tafadhali," alinong'ona, akificha vidole vyake vyenye wino, akitupa jicho nyuma yake kwa hofu. "Anayepaswa kuomba radhi ni mimi..."

Kabla hajamaliza, sauti ya Bwana Onuki ilipazwa kutoka ndani, mdomo ukiwa umejaa chakula:

"Mwalimu Kuramochi! Kama ni yule jirani kichaa wetu, usimfukuze! Juzuu yako ya pili bado inataka kituko kimoja cha mwisho!"