Nimepokea

Bi Nyamizi alikuwa ameibeba sufuria ya uji unaotokota kwa mikono mitupu, huku anatabasamu.

"Mama, unaungua!" Kalunde akampokonya. Viganja vilikuwa vimebabuka.

"Mimi sijambo kabisa, mwanangu. Karibu uji." Machozi yalikuwa yakimtiririka.

Kalunde akaelewa papo hapo, na damu ikamchemka. Kila mtu mjini alikuwa na chipu nyuma ya sikio, yenye vichakataji viwili: kimoja kinausikiliza mwili, kingine kinauongoza ulimi. Draiva, yaani programu inayopitisha ujumbe kati ya hivyo viwili, aliiandika Kalunde mwenyewe, na sharti lake lilikuwa moja: ulimi usijibu "nimepokea" kabla haujausoma ujumbe.

Sasa Magembe, bosi wake, alikuwa ameichezea. "Watu wamezidi kulalamika," alisema juzi kikaoni. Kumbe dawa yake ndiyo hii! Maumivu yakija, hasira ikija, ulimi unajibu "nimepokea" kisha unatupa kila kitu. Na mwili, maskini, unaamini umesikilizwa.

Mshenzi mkubwa! Leo atamtambua yeye ni nani. Akampigia simu, matusi yamemjaa mpaka kooni.

"Vipi Kalunde, kuna tatizo?"

Kifua kilimwaka. Akafungua kinywa.

"Hakuna tatizo, bosi," ulimi wake ukasema kwa upole. "Mmefanya kazi nzuri sana."

Mama akamtazama usoni, akainua kiganja chake kilichobabuka, akaanza kumfuta machozi.