Sinia la Siwatu

Tangu mumewe azikwe, Siwatu alilisugua kwa waya kila asubuhi sinia walilokuwa wakilia chakula pamoja. Lilikuwa la chuma kisichoshika kutu, lakini madoa mekundu yalizidi kuchomoza.

"Muuzaji alituapia!" alimlalamikia wifi yake, Mwanahawa.

Mwanahawa aliipapasa mikwaruzo. "Lina utando mwembamba unaolilinda, wifi yangu. Wewe unaukwangua, na waya unaacha chembe zake zinazoshika kutu. Lisafishe taratibu, kisha liache lipate hewa. Utando utarudi wenyewe."

Siwatu aliutupa waya. Alilisafisha sinia kwa kitambaa laini, akaliegemeza dirishani, akakaa. Mikono ilikosa kazi, na machozi yakamtoka. Upepo ukaingia, pazia likavimba kama kanzu yenye mtu ndani.