Mwili Usioguswa

Wanyama wa msituni huimba:

Leo tunywapo mtoni, roho zetu zimetua;
Hatuna hofu moyoni, hakuna wa kutuua.

Katika misitu ya Siamu, Chuimilia mlinzi alimuua mfalme Tembo na wanawe wote, akakikalia kiti cha enzi. Akatangaza barazani: “Atakayeugusa mwili wangu mtukufu atakufa.” Kima alimtoa kupe sikioni mwa Chuimilia kwa heshima, akaliwa papo hapo.

Masika, Chuimilia alikwama kinamasini, akaanza kudidimia. “Nyati, nivute!”

Nyati alipiga magoti ukingoni. “Nikuguse, Mtukufu?”

“Nimekuruhusu, mpumbavu wee!”

“Ahsante, Mtukufu. Ila katazo lilitangazwa barazani, na ruhusa nayo itangazwe huko. Tangulia, nami nitakufuata.”

Tope likamfunika Chuimilia. Nyati akainuka, ndiye aliyebaki amesimama.