Kilicholainisha Nyama

"Dokta, ni mimi. Nilimtilia panadol."

Minza aliyasema maneno hayo akiwa ameng'ang'ania chuma cha kitanda. Baba mkwe wake, mzee Manyanda, alikuwa akitetemeka na kutapika tangu washuke kwenye pikipiki iliyowatoa Mwese. Mumewe, Masalu, aligeuka akamtazama kama mtu asiyemjua.

Daktari Pudensiana aliuliza alimtilia wapi.

Kwenye nyama. Jana walichinja maksai mzee, nyama ikagoma kuiva. Wageni wameshanawa mikono, na mzee anawachekesha kwamba nyama ya mkwewe inataka shoka. Minza akafanya alivyoona wenzake wakifanya: akatupia vidonge sufuriani. Kisha, kwa kiherehere, akatupia vingine, mpaka akamaliza vyote alivyonunua dukani. Nyama ikalainika, mzee akamsifu.

"Na mchuzi?"

"Walitaka nyama ya kukaanga. Mchuzi nikabaki nao huko jikoni, nikalia ugali."

"Jikoni mlikuwa na nani?"

"Peke yangu. Kwetu mkwe hali mbele ya baba mkwe."

Daktari alimnong'oneza nesi, naye akatoka mbio.

Masalu akauliza taratibu kama mtu atakufa. Daktari akamjibu kwamba panadol ikizidi hulila ini kimyakimya. Siku ya kwanza mtu anatembea, anasema ni uchovu tu. Macho yakishakuwa ya manjano, mambo yameharibika. Dawa ya kuliokoa ini ipo, ila inataka kuwahi, kabla mtu hajajiona mgonjwa.

Minza alisikia nusu tu. Alikuwa anawaona mawifi zake wakilia, na kijiji kizima kikisema alikusudia. Nani angeamini kwamba alitaka tu nyama iive? Akakimbilia nje, akatapika ukutani kwa mara ya pili tangu wafike, akarudi akijifuta kwa khanga.

"Mama, jikaze," Masalu alisema, ila hakumsogelea.

Nesi akaingia na dripu, na karatasi ya majibu ya damu ya mzee. Minza akasogea haraka kumpisha afike kitandani. "Mwekeeni upesi," alisema. "Nawaomba."

Nesi akasimama pale pale, mbele yake.

"Mzee ana malaria," alisema daktari, akaanza kuukunja mkono wa gauni la Minza.